Redio ya Laini Yetu

Juzi mwanangu alikuja likizo na printa chini ya kwapa, akatangaza kwamba nyumba yetu hapa Kibarani imeishi kizamani vya kutosha. Nikamwacha. Alichomeka waya wa USB wa printa kwenye kile kisanduku cha intaneti nyuma ya kabati, akachomeka na diski yenye picha zetu zote, kisha akaanza kupitisha nyaya ndefu za mtandao ukutani: mmoja chumbani kwangu, mwingine kwa dada yake, mwingine mpaka kile chumba cha uani anacholala mpwa wangu. "Mashine ni moja, Mama," akanieleza polepole, kama ninavyomweleza mjukuu wa jirani jinsi ya kunawa, "lakini kila mtu ataitumia akiwa chumbani kwake. Hakuna kuzungushana na flashi tena." Waya mmoja ulizidi urefu, akaukata, akaanza kuumenya ngozi kwa kisu ili aufunge kichwa kipya. Harufu ikanifikia pale nilipoketi nikichambua mchicha.

Ni harufu ndogo tu, ya plastiki mbichi iliyokwaruzwa, tamu kidogo na chungu kidogo. Nilijikuta nimeacha mchicha, macho yameniloa. Mwanangu akadhani nalia kwa furaha ya maendeleo. Nikamwambia mambo haya ya mashine moja kutumiwa na vyumba vingi si mageni kwangu, tulikuwa nayo Marereni nikiwa bado na pengo la meno ya mbele. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Basi nawasimulia nyinyi mliolingana nami, mliokunywa yale maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu. Yeye amesharudi kwenye nyaya zake.

Baba alifanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi. Tuliishi nyumba za laini, vyumba vya mabati vilivyoshikana mstari mmoja, kuta zake haba hivi kwamba wa chumba cha mwanzo akipiga chafya, wa katikati humwombea afya. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho. Ng'ambo ya uwanja, peke yake, ilisimama nyumba ya mawe ya fundi wa pampu. Huyo aliitwa Barasa, mtu wa bara, mrefu, mwenye nywele nyingi alizozichana zikasimama kama kichaka, na kitana chake akakichomeka humo humo kichakani asubuhi hadi jioni. Zile nywele alizipenda kuliko kitu chochote duniani baada ya mkewe, Mama Nekesa, na wengine walisema hata hapo "baada" si neno la hakika.

Barasa ndiye aliyekuwa na redio. Wengine walikuwa na vijiredio vya mkononi vilivyokoroma wakati wa upepo wa kusi na kufa kabisa mwisho wa mwezi betri zikiisha. Yake ilikuwa redio kaseti kubwa, ikila umeme wa betri ya gari aliyoichaji kwenye jenereta ya pampu. Mwanzoni watu walikwenda kuisikiliza mlangoni kwake. Ilipofika saa ya habari, nusu ya laini ilikuwa imesimama juu ya mboga za Mama Nekesa. Alivumilia, akavumilia, siku moja akatoka na mwiko. Siku ya pili yake Barasa akachimbia nguzo za mikoko katikati ya uwanja, akavuta waya juu yake kutoka dirishani kwake hadi kwenye laini, akaupitisha chini ya paa chumba kwa chumba, na kila chumba kikaning'inizwa spika yake. Spika alizifungua kwenye redio mbovu alizozipata kwa kuuliza huku na huku. Waya aliumenya kwa meno, akatema plastiki, akasokota, kisha akaifunga ile sehemu kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mimi nilisimama chini ya ngazi nikiokota maganda ya plastiki na kuyanusa.

Mama aliiweka spika yetu ndani ya mtungi wenye ufa, ule usioweza tena kushika maji. Sauti ikatoka nene, ya kiume, kama mtangazaji ameketi humo ndani amekula akashiba. Wenzetu wakaiga, na laini nzima ikaingia wazimu wa mitungi. Hakuna aliyechagua kituo wala saa. Barasa alifungua, tukasikia. Akifunga, tukalala. Wapenda taarabu waliwavumilia wapenda kwaya, na siku za mpira wote waliwavumilia wanaume.

Lakini kulikuwa na taabu moja, na ndiyo iliyoniingia akilini ikanipoteza. Kila chumba kipya kilipounganishwa, sauti ilipungua kwa wote. Watu wakalalamika. Barasa akatueleza akiwa juu ya ngazi, "Hii sauti iko kama ugali. Sufuria ni ile moja. Watu wakiongezeka, kila mtu anapata kidogo." Wakubwa walicheka. Mimi nilichukua maneno hayo kama yalivyo. Nilijua ugali, na nilijua watu wakiongezeka hutokea nini.

Mama alikuwa mja mzito wakati huo, na hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Baada yangu alizaliwa mtoto mwingine, wa kiume, ambaye simkumbuki ila kwa uzito wake kwenye mapaja yangu. Mama akiwa bado ndani ya arobaini yake, akaletewa habari ya ghafla kwamba kaka yake amekufa maji. Aliyeileta aliisema akiwa mlangoni, amesimama, hata hakuomba maji. Mama alianguka. Maziwa yakakatika siku ile ile, na mtoto hakukaa sana nasi. Daktari anaweza kunibishia kwamba msiba hukausha maziwa. Sitabishana naye. Ninachosema ni kwamba laini yote iliamini hivyo, Baba aliamini, na Mama mwenyewe aliamini kuliko wote.

Safari hii alizaliwa Karisa, mdogo sana, amekunjamana, analia kama paka aliyefungiwa. Mkunga wetu alikuwa Mama Kadzo, mwanamke mzima wa chumba cha katikati, ambaye hata meneja alimwamkia shikamoo. Alimtazama mtoto, akamtazama Mama, akasema, "Huyu anahitaji titi na utulivu, basi." Baba akahamishiwa chumba cha mabachela kama ilivyo desturi, na mimi nikabaki kulala mkekani chini ya kitanda cha Mama. Kila asubuhi Mama Kadzo alimkanda kwa maji ya moto kuanzia shingoni kwenda chini, akamnywesha uji wa pilipili manga. Barasa akarefusha waya, mtungi ukasogezwa karibu na kichwa cha kitanda, kwa kuwa mzazi hatoki nje na hana mwenzi ila redio. Mama alisikiliza kila kitu. Alisikiliza hata bei za mahindi.

Mtu aliyemngojea ni mama yake. Sisi wajukuu tulimwita Hawe, kama Wagiriama wote wanavyomwita bibi. Aliishi Tezo kwenye mihogo na mikorosho yake, na alikuwa ameahidi kuja kukaa nasi mpaka arobaini iishe. Nilimpenda Hawe kwa mapenzi ya tumbo, kwa sababu kila alipokuja alifungua pindo la leso na humo hamkukosekana korosho za kuchoma. Lakini nilimpenda pia kwa sababu aliponisemesha alichuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. Watu wazima wengine wote waliniongelea kutokea juu.

Hawe hakuja. Alifariki usingizini kwake Tezo, bila kuugua. Mjomba wangu, kaka ya Mama aliyebaki, alidandia lori la chumvi akafika kwenye mabwawa kabla ya chakula cha mchana na kumwambia Baba pembeni. Na katika kueleza mipango ya mazishi akataja, kama jambo la kawaida, kwamba tangazo limeshapelekwa redioni ili jamaa wa Mombasa na Taveta wasikie. Lingesomwa baada ya habari ya saa saba.

Mnakumbuka yale matangazo ya vifo. Yalisomwa kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka: tunasikitika kutangaza kifo cha fulani wa mahali fulani, mama yake fulani na fulani, habari ziwafikie. Na fulani mmojawapo angekuwa Mama, amelala na mtoto kifuani, mtungi uko kichwani pake.

Haya yote nimeelezwa baadaye. Nilichokiona mimi ni hiki. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni kula, nimekaa kizingitini na sahani. Ndani, habari zilikuwa zimekwisha na mtangazaji akasema sasa ni matangazo ya vifo. Nikamwona Baba anakuja mbio kutoka upande wa mabwawa. Sikuwahi kumwona Baba akikimbia. Miguu ilikuwa myeupe kwa chumvi mpaka magotini, reki ya kukokotea chumvi bado iko mkononi. Alikwenda kwanza nyumba ya mawe, akatikisa mlango, umefungwa. Mama Nekesa alikuwa bombani. Akageuka, akairukia nguzo ya kwanza ya mkoko, akaushika waya kwa mikono miwili na kuuvuta kwa mwili wake wote mpaka ukakatika naye akakaa chini mchangani.

Mtungi ukanyamaza katikati ya neno. Mitungi yote ya laini ikanyamaza. Ndani ya nyumba ya mawe redio iliendelea kuzisomea kuta jina la Hawe na majina yetu, na hapakuwa na mtu wa kusikia.

"Kumetokea nini?" Mama akauliza kutoka kitandani.

Nikamwambia, "Baba amekata redio."

"Kwa nini?"

Mama Kadzo alikuwa ameshafika mlangoni, ameona yote. Akanipita akaingia. "Waya umekatika wenyewe, mwanangu. Chumvi inakula kila kitu huku. Lala, mtoto asiamke."

Jioni ile watu wazima walikutana nyuma ya jenereta, mahali ambapo mngurumo humeza maneno. Mama Kadzo ndiye aliyesema yatakavyokuwa. Mzazi hapigwi na msiba akiwa kitandani, na huyu hasa, aliyekwisha kupigwa mara moja. Ataambiwa akitoka arobaini, kwa utaratibu, akiwa ameketi. Waya wa chumba chetu peke yake ukikatwa, atashangaa, na sauti za majirani zitampenyea ukutani. Kwa hiyo redio imeungua. Redio ya laini nzima imeungua, na itakaa imeungua mpaka Mama Dama atoke nje. Dama ni mimi. Hakuna aliyepinga, hata wanaume, na timu ya taifa ilikuwa na mpira mkubwa wiki ile. Watoto hatukuambiwa kitu, kwa sababu mtoto ni mtungi wenye ufa, na mimi nilikuwa na ufa kuliko wote.

Basi nikaachwa nijitafutie mwenyewe maana ya ule ukimya, na niliipata upesi. Sauti ni kama ugali, alisema Barasa. Watu wakiongezeka, kila mtu hupata kidogo. Na nani ameongezeka hapa kwetu? Karisa. Tena nilishamwona anavyonyonya, kwa pupa, macho yamefumbwa, hataki kuachia. Nikajua pasi na shaka kwamba mtoto yule, aliyelazwa siku kutwa karibu na mtungi, ameinyonya redio ikakauka.

Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa vitendo, nikaamua kuzuia hasara isiendelee. Barasa akiitengeneza, huyu ataimaliza tena. Asubuhi moja Mama aliamka akanikuta nimepiga magoti kitandani, nimeziba masikio mawili ya Karisa kwa viganja, nimekaza kama mtu aliyeziba bomba.

"Dama! Unafanya nini?"

"Ananyonya sauti," nikasema. "Akizoea kutosikia, redio itapona."

Mama alinitazama kwa muda. Nilitegemea kibao. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, akajifunika mdomo kwa leso, na nikamwona anacheka mpaka machozi yanamtiririka. Aliyafuta, yakaja mengine. "Mwache," akasema alipoweza kusema. "Si yeye, mwanangu. Mwache asikie." Nilidhani ni kicheko peke yake. Nilikuwa na umri ambao mtu akitoa machozi akicheka basi anacheka.

Kufikia siku hiyo Baba alikuwa ameshasafiri na kurudi. Alimuaga Mama kwamba kampuni imemtuma Malindi kusindikiza vipuri vya pampu. Alikwenda Tezo kumzika mama mkwe wake. Na huko Tezo, katika kilio chote kile, likafanyika kosa ambalo hakuna aliyelifikiria nyuma ya jenereta. Kwetu ukizika mtu wako, unanyolewa. Wazee walipita na wembe, Baba akainamisha kichwa kama wengine, akili yake iko kwa mkewe. Alipoamka katika mawazo, alikuwa hana unywele.

Akarudi laini amevaa kofia. Baba yangu hakuwa mtu wa kofia. Alishinda kwenye mabwawa ya chumvi, jua likimpiga kutoka juu na kumrudia kutoka chini, na kofia hakuvaa. Alisimama mlangoni kumjulia Mama hali, hakuingia, akasema amepata mafua. Mama akamwambia pole. Karisa akalia, Baba akainama kwa haraka kumtazama, na kofia ikaanguka. Aliiokota upesi na kuivaa, na Mama alikuwa amegeukia ukutani akimweka mtoto titi. Baba akatoka akiamini hakuonekana.

Alimwendea Mama Kadzo, nusu anajilaumu, nusu anawalaumu wazee wa Tezo. Barasa alikuwepo. Naelezwa alichomoa kitana kichwani, akakitazama, akakitia mfukoni. Akasema, "Kama kipara kiko kimoja, watu watauliza. Kama viko vingi, ni chawa."

Kesho yake asubuhi wanaume wa laini walikuwa wameketi kwa mstari kwenye mawe ya bombani, mmoja akimnyoa mwenzake. Barasa alikuwa wa kwanza. Mama Nekesa mwenyewe ndiye aliyekata kile kichaka kwa mkasi wa cherehani, kikaanguka mafungu mafungu, na alipomaliza kwa wembe kichwa cha Barasa kilikuwa kidogo, chenye vidonda viwili vitatu, na masikio ambayo hatukuwahi kujua anayo. Sisi watoto tulikufa kwa kicheko. Tukaambiwa ni chawa wa bara, na wiki nzima tukamwimbia Barasa nyimbo za chawa akipita. Hakutufukuza hata mara moja. Alikwenda mpaka mlangoni petu, akasimama pale Mama atakapomwona vizuri, akapiga hodi.

"Mama Dama, habari ya mtoto?"

"Mzuri, Fundi." Akamtazama kichwani. "Nywele zako zimekwenda wapi?"

"Chawa, mama. Sisi wote."

"Poleni," Mama akasema. "Poleni sana nyote." Tangu siku hiyo, sasa nikikumbuka, hakuuliza tena habari ya redio.

Wala hakumuulizia tena Hawe, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwanzoni alikuwa akimwuliza kila mtu, na kila mtu alimjibu kwamba Hawe anaumwa miguu, akipata nafuu atakuja. Ghafla akaacha. Mimi sikuacha. Niliuliza asubuhi, nikauliza nikirudi shule, Hawe anakuja lini, na Mama alinijibu "Kula" au "Nenda ukacheze". Niliona amemsahau mama yake kwa sababu ya mtoto, nikaapa moyoni kwamba mimi sitamsahau. Nilikaa barabarani kila lori lilipopita.

Laini ikaishi bila redio. Siku ya mpira wanaume walitembea hadi dukani barabara kuu kusikiliza, wakarudi wakinong'ona matokeo kama wezi. Mitungi ikakaa na spika ndani yake, imetulia, buibui wakaanza kuipenda. Mama Kadzo akaona mzazi atashindwa na upweke, akaagiza wanawake waje kwa zamu kutwanga na kupepeta mbele ya mlango wetu, wakipiga soga kwa sauti ili Mama azisikie. Walisimulia upuuzi wa kila aina. Mama Nekesa alijifunza kusimulia hadithi za kwao kwa Kiswahili cha bara kilichowavunja mbavu wote, na akijua wanamcheka aliongeza chumvi. Mama alicheka pia, kwa utaratibu, mahali pa kuchekea. Alinyonyesha. Alikunywa uji wote aliopewa, hata ule wa kichefuchefu, akaumaliza mpaka tone la mwisho. Na Karisa akakunjuka. Akajaa mashavu, akapata mikunjo mapajani, sauti ya paka ikamtoka akaanza kulia kama mtu anayedai haki yake.

Siku ya Mama kutoka nje ilifika. Mikeka ilitandikwa mbele ya mlango wetu tangu asubuhi. Mjomba alikuja kutoka Tezo kwa lori, nami nikamkimbilia kuangalia nyuma yake kama Hawe anateremka, hakuna. Wanaume walisimama upande mmoja, nywele zao zimeanza kuota, za Barasa zikionyesha ari kuliko zote. Wanawake walikaa. Hakuna aliyekuwa anatwanga wala kusimulia. Mama akatoka amevaa leso mpya, kilemba chake kimefungwa vizuri, Karisa mkononi. Jua likamfanya afumbe macho. Mama Kadzo akamkalisha mbele yake, akamshika magoti, akaanza kwa mbali kama inavyotakiwa.

"Mwanangu, sote tu wageni hapa duniani. Mwenye mali huja akachukua chake, na hatuna la kumwambia…"

Mama alimwacha aendelee kidogo, kwa heshima. Kisha akamkabidhi Karisa kwa Mama Nekesa, akainua mikono, akafungua kilemba.

Hakuwa na nywele. Zilikuwapo zilizoota upya, fupi, laini, urefu ule ule wa nywele za Baba na za Barasa na za wanaume wote waliosimama pale. Mkono wa Mama Kadzo ulibaki hewani. Mimi nililala chumba kimoja naye siku zote zile na sikujua. Mzazi hujifunga kichwa, ndivyo nilivyodhani.

"Nilichukua wembe wa Baba Dama siku aliyoangusha kofia," Mama akasema. "Nikajinyoa mwenyewe."

"Ulijua?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Waya gani hukatika wenyewe saa ya matangazo ya vifo? Na mama yangu asije kunikanda kwa sababu ya miguu? Angekuja akitambaa." Akawatazama mmoja mmoja. "Nilitaka kupiga ukelele. Nilikuwa tayari. Halafu Barasa akaja mlangoni na kile kichwa. Nikasema, hawa watu wote wamenyoa kwa ajili ya mama yangu, na hata hawamjui. Nikasema, basi nami nitanyamaza, mtoto anyonye kwanza. Yule aliyemtangulia aliniponyoka. Huyu sikukubali."

"Na maziwa?" Mama Kadzo akanong'ona.

"Nilikunywa uji wako, Mama. Nilikunywa na kulia, nikanyonyesha na kulia. Hayakukatika."

Ndipo akakipiga kile kilio alichokuwa amekishikilia. Sijawahi kukisikia tena kilio kama hicho. Wanawake wakampokea, wakamfunika kwa mikono yao, Mama Nekesa akalia kwa lugha ya kwao na Karisa mabegani. Barasa aligeuka akatazama pampu. Baba akakaa chini mchangani, kama siku ile ya waya.

Mimi nilisimama katikati yao wote nisielewe. Nilimvuta Mjomba shati. "Hawe yuko wapi?" nikamwuliza. "Mbona hukuja naye?"

Kilio kikapungua, na Mama akainua kichwa kutoka katika mikono ya wenzake, akanitafuta kwa macho mekundu mpaka akaniona.

"Huyu bado," akasema. "Leteni maji na wembe."

Alinikalisha katikati ya miguu yake, akanilowesha kichwa, akapaka sabuni. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Niliona nywele zangu zinaniangukia mapajani, na nikafikiri ni chawa, nikataka kumwambia mimi sina.

"Hawe amekufa, Dama," akaniambia sikioni, huku wembe ukienda. "Lia sasa, mwanangu. Wenzako wote tulishalia, umebaki wewe tu."

Nikalia, na laini nzima ikakaa kimya mpaka nikamaliza.